Barua ya wazi: Kodi ya aliyegongwa isibaki kwa aliyegonga

Kwa Mheshimiwa Jaji Mkuu, Mheshimiwa Waziri wa Katiba na Sheria, Tume ya Kurekebisha Sheria, Kamishna Mkuu wa TRA, pamoja na TIRA mnaosimamia makampuni ya bima

Waheshimiwa shikamooni.

Nawaandikia kutoka Arusha. Mimi ni mhasibu, kazi yangu kubwa ni kuandaa mishahara ya kampuni ndogo ndogo za utalii na shule binafsi hapa mjini, na mara kwa mara mawakili wananiita niwapigie hesabu ya mtu aliyeumia kwenye ajali, yani alikuwa anaingiza kiasi gani na sasa amepoteza kiasi gani. Kwa hiyo hiki ninachokiandika nakishika kwa mikono yangu, sijakisikia kijiweni. Naomba mtuambie kwa maandishi: mtu akigongwa akashindwa kuendelea na kazi, mahakama ikaamuru alipwe kipato alichopoteza, ile kodi ya mapato ambayo angekatwa kama angekuwa mzima inatolewa kwenye fidia yake au haitolewi? Na kama inatolewa, INAENDA WAPI?

Niwape mfano ninaoufahamu. Kuna dereva wa watalii wa huku Usa River, aligongwa na lori akiwa pembeni ya barabara anabadilisha tairi, upande wa Kikatiti. Mguu uliokolewa ila goti halikunji tena. Sasa hizi Landkruza za safari nyingi ni za klachi, na mtu ambaye goti la kushoto halikunji hawezi kushuka nazo kreta ya Ngorongoro akiwa na wageni sita nyuma, hata akitaka hakuna kampuni itakayompa funguo. Ana miaka 42, amebakiza 18 afike 60. Hajui kazi nyingine.

Slipu yake ya mshahara ilikuwa mezani kwangu. Mshahara 1,400,000 kwa mwezi. NSSF yake asilimia 10, inatoka 140,000. Inabaki 1,260,000 ya kutozwa kodi. Kwa viwango vya PAYE, yani kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara kila mwezi, tulivyonavyo tangu Julai 2021, milioni ya kwanza ina kodi 128,000, halafu ile 260,000 iliyozidi inakatwa asilimia 30 ambayo ni 78,000. Jumla PAYE 206,000. Mkononi anaondoka na 1,054,000. (Bahshishi za wageni hazipo kwenye slipu, na kwa madereva wa watalii bahshishi ndo zinasomesha watoto, lakini hilo tuliache kwa leo.)

Mahakama haichukui miaka 18 yote ikazidisha, inapunguza, kwa sababu hela anapewa yote kwa mkupuo na pia maisha yana mengi, mtu angeweza kuugua au kuachishwa kazi hata bila ajali. Tuseme inatumia kizidisho cha miaka 10. Ukichukua ile 1,260,000 kabla ya kodi, ukazidisha kwa miezi 120, unapata shilingi 151,200,000. Ukichukua baada ya kodi unapata 126,480,000. Tofauti ni 24,720,000. Hiyo milioni ishirini na nne na ushee ndo barua yangu yote.

Wakili wa bima alileta jedwali lake, karatasi moja tu imechapwa vizuri, na mstari mmoja katikati umeandikwa "toa kodi ya mapato". Basi. Hakuna maelezo hiyo kodi iliyotolewa anapelekewa nani. Niliangalia chini kabisa kama kuna mstari wa kulipa TRA, haupo. Hela imetolewa kwenye haki ya yule dereva na haijaenda Hazina, imebaki kwenye kampuni ya bima ya lile lori. Hapo ndo nilikosa usingizi kwa kweli.

Hoja yao wanaitoa Uingereza, na si hoja ya kijinga, sitaki kuidharau. Desemba 1955 mabwana wa House of Lords, enzi hizo mahakama yao ya juu kabisa, waliamua kesi ya British Transport Commission dhidi ya Gourley. Huyu Gourley alikuwa injinia mkubwa wa ujenzi, akaumia kwenye treni. Kipato alichopoteza bila kuangalia kodi kilikuwa pauni 37,720. Wakaangalia kodi. Enzi zile wenye kipato kikubwa Uingereza walikuwa wanakatwa kodi nzito kwelikweli, na ikabaki pauni 6,695. Yani zaidi ya asilimia 82 imeyeyuka. Wengi wa majaji walisema fidia lengo lake ni kumrudisha mtu pale alipokuwa, sio kumtajirisha, na kama ile hela asingeiona kamwe mkononi basi hajaipoteza. Lord Keith peke yake akakataa. Na ile hukumu imesimama kwa miguu miwili ambayo watu wanaisahau: kwamba mshahara uliopotea ungekatwa kodi, NA kwamba fidia yenyewe haitakatwa kodi ikimfikia mdai. Ukiondoa mguu mmoja inaanguka.

Sasa waheshimiwa, hukumu ya 1955 sio amri kwetu. Sheria yetu ya JALA, ile inayosema mahakama zetu zitumie sheria zipi, inatuambia tunachukua komon loo ya Uingereza (sheria inayotokana na hukumu za majaji) kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na zaidi ya hapo kwa kadiri hali za watu wa huku zinavyoruhusu. Kilichoamuliwa London baada ya hapo tunakisoma, tunakiheshimu, tunaweza kukifuata tukiona kinatufaa, lakini hakitufungi. Na wenzetu wa Jumuiya ya Madola wenyewe hawakukubaliana. Kanada mwaka 1966 Mahakama yao ya Juu kwenye kesi ya Jennings ikakataa kabisa kufuata Gourley, wakasema fidia ipigwe kabla ya kodi. Australia wakayumba, mwaka 1978 wakaikataa, miaka miwili tu baadaye kwenye Cullen dhidi ya Trappell wakaikubali. Marekani mwaka huo huo wa 1980 Mahakama ya Juu ikaruhusu kodi iangaliwe kwenye kesi za wafanyakazi wa reli. Kwa hiyo wakili akisimama pale Arusha akasema "hili limeshaamuliwa duniani" hasemi kweli. Ni jambo ambalo kila nchi ilibidi ikae iamue yenyewe, na sisi tunahitaji kukaa.

Mimi nasimama wapi? Nakubali kwamba ile 206,000 ya kila mwezi haikuwa ya dereva. Sina ubishi hapo. Lakini haikuwa ya bima pia! Ilikuwa ya serikali. Chukua mama anayeshuka kutoka Tengeru na lita 10 za maziwa, lita 8 zake na 2 za jirani aliyemwazima ng'ombe. Pikipiki inamgonga, yote yanamwagika. Yule wa pikipiki anasema nakulipa lita 8 tu maana zile 2 hazikuwa zako, halafu anaondoka, na kwa jirani hapiti. Kuna mzee yeyote wa mtaa atakubali usuluhishi wa namna hiyo? Lita 10 zimemwagika, aliyemwaga alipe 10, halafu mama na jirani watajuana wenyewe nani anachukua ngapi.

Ndo maana naona swali la "gros au mkononi", yani kabla ya kodi au baada ya kodi, tunaliuliza nusu. Kwenye ajali ile kuna wawili waliopoteza kipato, kuna mtu na kuna Hazina. Tukikata kodi bila kuipeleka TRA tumempa punguzo mtu wa tatu ambaye hakuwa na haki yoyote na ile hela, na zaidi ya hapo ndo aliyesababisha hasara. Tena punguzo linakuwa kubwa kadiri aliyegongwa alivyokuwa mlipa kodi mzuri.

Hapa Arusha hili tunaliona kuliko mikoa mingi, maana tuna makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, tuna Mahakama ya Afrika, tuna mashirika ya kimataifa, na wapo watumishi wa huko ambao mishahara yao imesamehewa kodi ya mapato. Weka watu wawili wanasubiri kuvuka pale Kijenge, mmoja ana msamaha na mwingine ni dereva wetu, mishahara inalingana kwenye karatasi. Lori moja linawapitia wote, magoti yanaharibika sawasawa. Kwa hesabu ya "toa kodi" mmoja anadai milioni 151 na mwingine 126. Mtu ataniambia lakini yule wa kwanza kweli alikuwa anabeba nyumbani hela nyingi. Sawa, ni kweli. Lakini mwenye lori kafanya kosa lile lile, bima yake alilipia kiasi kile kile, na ile tofauti haikwenda kwenye barabara wala zahanati ya mtu yeyote.

Halafu kuna kukatwa mara ya pili, hili naomba TRA mlisome taratibu. Mahakama inapopunguza miaka 18 ikawa 10 sababu mojawapo ni kwamba mtu akipewa hela yote leo ataiweka na itazaa. Haya, dereva wetu anaweka benki kwenye fiksi. Riba ikija benki inakata asilimia 10 ya kodi ya zuio kabla haijaingia kwenye akaunti yake. Akisema basi najenga vyumba vya kupangisha kule Kwa Mrombo, kodi ya serikali kwenye mapato ya pango nayo asilimia 10 inamsubiri. Kwa hiyo mara ya kwanza kodi inatolewa kwenye mtaji wake na kubaki kwa bima, mara ya pili mtaji huo uliobaki ukizaa unatozwa tena na safari hii inaenda serikalini. Alipokuwa mzima mshahara ulikatwa mara moja, jioni analala. Sasa ni kilema na anakatwa huku na huku, na ile hesabu ya "toa kodi" haina mstari wa kumrudishia hata senti kwa ajili ya hiyo kodi ya riba. Kama tunapiga hesabu ya kodi tuipige yote basi.

Na namna ya kupiga yenyewe kuna watu wanakosea, sijui kwa makusudi au kwa haraka. Niliona jedwali lingine, la kesi nyingine, mtu amechukua rundo lote la miaka 10 akalipiga asilimia 30 moja kwa moja. Kwa mfano wa dereva wetu hiyo ni 45,360,000 badala ya 24,720,000, amemuibia mtu milioni 20 kwa kalamu. PAYE ni ya kila mwezi, ile 270,000 ya kwanza haina kodi kila mwezi, inayofuata hadi 520,000 ni asilimia 8, inapanda ngazi kwa ngazi. Hata hao mabwana wa 1955 hawakusema ulikate rundo kama mshahara wa mwezi mmoja. Jaji ana mafaili mengi, sio kazi yake kujua ngazi za PAYE kichwani, kama upande wa mdai hauna mhasibu jedwali la namna hiyo linaweza kupita hivi hivi.

Viwango vyenyewe navyo havitulii. Mwaka 2016 kiwango cha chini kilishuka kutoka asilimia 11 kwenda 9, 2020 kima kisichotozwa kikapanda kutoka 170,000 hadi 270,000, 2021 asilimia 9 ikawa 8. Sasa nani anajua kitakachokuwepo mwaka wa kumi kuanzia leo? Najua hata mshahara wa baadaye ni makadirio, lakini hayo ni makadirio ya lazima, bila hayo aliyeumia hapati kitu. Makadirio ya kodi yanamsaidia aliyeumiza peke yake.

Kuna jambo lingine linaniuma zaidi kama mhasibu. Mahakama ya Rufani tangu 1992 imeshikilia kwamba hasara mahsusi, yani ile inayohesabika kwa shilingi kama kipato kilichokwisha kupotea, lazima itajwe na ithibitishwe kikamilifu, na ni sawa, watu wasidanganye. Lakini nendeni mkaone inavyokuwa kwa mama lishe wa Soko la Kilombero au mpagazi wa Machame. Anaulizwa vielelezo vya TRA viko wapi, hana, mauzo yake kwa mwaka hayafiki hata milioni 4 ambapo kodi inaanzia kwa mfanyabiashara mdogo, kwa hiyo hakutakiwa kulipa chochote. Basi kipato chake kinatiliwa shaka. Anayekuja na slipu na PAYE ya miaka yote anaaminiwa, halafu PAYE hiyo hiyo inatumika kumpunguzia. Asiye na kodi haaminiwi, mwenye kodi anakatwa. Kote kuwili bima inapona. Mnatuhimiza kila siku tulipe kodi kwa hiari, na mimi nawahimiza wateja wangu hivyo hivyo, nataka niwe na cha kuwajibu wakiniuliza faida yake siku ya ajali.

Nisipindishe mambo, kuna mahali hesabu ya mkononi naikubali bila shida. Mtu akifa, na mke na watoto wakadai kupitia sheria yetu ya ajali za vifo, wanachodai ni matunzo waliyopoteza, ada, chakula, kodi ya nyumba, na hayo marehemu alikuwa anayatoa kwenye hela iliyofika mkononi. Hapo kuanzia na 1,054,000 ni haki kabisa. Na NSSF vile vile, ukiitoa ile 140,000 lazima ukumbuke kwamba amepoteza pensheni pia, pamoja na asilimia 10 ya mwajiri, mara nyingi hilo linasahaulika na mawakili wa pande zote. Walioumia kazini wana mfuko wao wa fidia, WCF, siwazungumzii.

Kwa walioachishwa kazi ni kizungumkuti kingine. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inahesabu malipo ya kupoteza ajira kuwa ni mapato ya ajira, kwa hiyo mtu akishinda CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi) mwajiri anakata PAYE anapolipa tuzo. Ni sawa, hapo angalau kodi inaenda TRA. Lakini mwajiri akija na hoja ya Gourley tuzo ipigwe kwa mkononi, na akilipa akate PAYE tena, yule mfanyakazi amekatwa mara mbili kwa kodi moja. Ule mguu wa pili niliousema haupo hapa kabisa. Waingereza wenyewe kwenye kuachishwa kazi wanajua sehemu inayozidi pauni 30,000 inatozwa kodi, kwa hiyo mahakama inapandisha kiasi ili baada ya kodi mtu abaki na anachostahili. Mawakili wanaotuletea Gourley huku hawatuletei na hiyo sehemu.

Kwa hiyo ninachoomba ni hiki. Jaji Mkuu, toa mwongozo kwamba kwenye kesi ya mtu aliyeumia akabaki hai, hasara ya kipato ipigwe kabla ya kodi ya mapato, na mdaiwa asiruhusiwe kutumia kodi ya mdai kama punguzo lake. Waziri na Tume ya Kurekebisha Sheria, liandikeni kwenye sheria ili lisitegemee jaji gani amekaa siku hiyo. TRA, semeni waziwazi kama fidia ya majeruhi kwa kipato kilichopotea mnaitaka au hamuitaki. Mkiitaka, kateni kwa viwango vya kila mwezi sio kwa rundo, hukumu itaje kiasi chenu pembeni, bima ipewe kontroo namba ilipe siku ile ile inayomlipa majeruhi, risiti iwekwe kwenye faili. Teknolojia hiyo tunayo, hata faini ya barabarani inalipwa hivyo. Msipoitaka, ibaki kwa aliyeumia, ambaye atawalipa kwenye riba na kwenye pango kama nilivyoeleza. Mimi binafsi ningependa ibaki kwake, kwa sababu kuna matibabu na kuna mtu wa kumsaidia nyumbani ambavyo hakuna mahakama inavikadiria sawasawa, lakini mkiamua iende Hazina sitalalamika, itajenga kitu. TIRA, ninyi mnaona hesabu za makampuni yote ya bima, waulizeni kwenye madai ya thadi pati (mtu mwingine aliyeumizwa na gari lenye bima) wametoa kiasi gani kwa jina la "kodi" na wamepeleka kiasi gani TRA.

Bima watasema gharama itapanda na bima ndogo, hiyo ya thadi pati, itakuwa ghali kwa bodaboda na daladala. Inawezekana ipande kidogo. Ila waliowahi kukatwa PAYE ya maana ndo wanaoguswa, na walioajiriwa kwa mshahara wa namna hiyo sio wengi kwenye nchi ambayo watu wengi wanajitafutia wenyewe. Wasiopata zaidi ya 270,000 kwa mwezi fidia yao haibadiliki hata shilingi.

Muswada wa Sheria ya Fedha unapelekwa bungeni kila Juni na kamati huwa inapokea maoni ya wananchi. Kifungu kimoja kinatosha. Nimeshaandaa jedwali la mfano huu, hesabu tatu kwenye karatasi moja: kabla ya kodi, baada ya kodi, na ile ya makosa ya kupiga rundo lote, na mtumishi yeyote wa Tume au TRA akitaka kuikagua namba kwa namba nipo tayari kuja Dodoma kwa nauli yangu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mhasibu, Sakina, Arusha